Kujitunza kwa namna inayokufaa wewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mwezeshaji wa vikundi vidogo vya watu wanaotafuta ahueni katika maisha yao ya kila siku. Si daktari. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila kikundi kipya kinapoanza, na mengi nimeyaacha kwa maneno ya waulizaji wenyewe. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali hayalingani kwa uzito.

Mimi siumwi popote. Kwa nini nihangaike na habari za ustawi?

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini mwaka 1946 na kuanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inasema afya ni hali ya ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kutokuwa na ugonjwa tu. Neno "ukamilifu" linanitatiza. Sijawahi kukutana na mtu aliyekamilika pande zote tatu kwa wakati mmoja, na nikikutana naye nitamshuku. Hata hivyo sehemu ya pili ya sentensi ile ina kweli yake: mtu anaweza kupimwa kila kitu, akaambiwa yuko salama, na bado kila jioni akarudi nyumbani yu hoi.

Kipimo changu ni kidogo zaidi. Chukua siku ya kawaida, isiyo na msiba wala sherehe. Unaimalizaje? Kama siku za namna hiyo zinakuchosha hadi ndani, una sababu ya kuendelea kusoma. Kama zinakuachia nguvu ya kucheka na mtu kabla ya kulala, achana na ukurasa huu uendelee na shughuli zako.

Nianzie wapi?

Usianze kwa kuongeza kitu. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote, tazama tu. Tafuta daftari dogo linaloingia mfukoni. Mara tano au sita kwa siku andika mstari mmoja: saa, unachofanya, uko na nani, kisha alama. Weka jumlisha kama jambo hilo limekuongezea nguvu, kutoa kama limekupunguzia, sifuri kama halikufanya lolote. Usieleze sababu. Sababu huwa tunazitunga upesi, tena zile zinazotupendeza.

Nikupe mfano. Mhasibu mmoja alikuja akiwa ameshaamua kwamba tatizo lake ni kutofanya mazoezi, na alikuwa tayari kulipia ukumbi wa mazoezi kwa mwaka mzima. Tulimwomba asubiri siku saba. Daftari lake lilijaa alama za kutoa kuanzia saa nne usiku, akiwa kitandani na simu, na hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni mstari wa Jumatano: "Saa 1 jioni. Napiga pasi. Peke yangu. +" Jumapili tena: "Napiga pasi. +" Na kumbe kwa miezi alikuwa akitafuta mtu wa kumwachia kazi hiyo!

Alipoitazama vizuri aligundua kwamba zile ndizo dakika arobaini pekee katika wiki ambazo mikono yake ina kazi, simu iko chumba kingine, hakuna anayemwita, na kazi yenyewe ina mwisho unaoonekana. Shati lililokunjamana linanyooka mbele ya macho yake, linatundikwa, basi. Ofisini kwake hakuna kinachoisha. Akifunga hesabu za mwezi huu, za mwezi ujao zimeshaanza kumsubiri. Hakuhitaji ukumbi. Alihitaji dakika za aina ile mara tatu au nne kwa wiki, si lazima ziwe za pasi. Baadaye akaongeza kushona vifungo vilivyokatika na kupanga picha za zamani kwenye albamu.

Watu wengi hukuta kitu cha namna hiyo kwenye daftari lao. Mara nyingi ni kitu walichokuwa wanakiita kazi, au upuuzi.

Nitajuaje kwamba jambo litanifaa kabla sijapoteza miezi?

Kwa hakika huwezi, ila unaweza kupunguza kubahatisha. Kwanza, kitaje unachopungukiwa kwa neno moja: usingizi, mwendo, watu, ukimya, au maana. Tunapenda kutibu upungufu mmoja kwa dawa ya mwingine. Mpweke anajifungia chumbani kutafakari. Aliyekosa usingizi anajilazimisha kukimbia alfajiri. Aliyechoshwa na watu kutwa nzima anajiunga na kwaya. Yote hayo ni mambo mema yaliyobisha hodi nyumba isiyo yake.

Pili, tofautisha kinachokupumzisha na kinachokusahaulisha. Mwanzoni vinafanana. Tofauti huonekana unapoacha. Ukizima simu baada ya saa nzima ya video fupifupi, macho ni mazito, shingo inauma, na kero uliyoikimbia iko palepale ulipoiacha. Sina ugomvi na kusahau. Kuna siku mtu anahitaji kusahau tu, alale. Ila usiiandikie jumlisha.

Tatu, jiulize kama unaweza kulifanya jambo hilo siku yako ikiwa mbaya. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Zoezi linalotaka safari, mavazi maalumu, mwalimu na saa mbili za nafasi halitakuwepo siku bosi atakapokufokea mbele ya wenzako. Sisemi uliache. Nasema uwe na jingine lililo karibu na mkono.

Mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake wameandika sana kuhusu jinsi zoezi na mtu wanavyopaswa kuoana: zoezi lilelile linaweza kumsaidia mmoja na kumwacha mwingine alivyo, kutegemea silika yake, mazingira yake, na kama alilitaka kutoka moyoni au alisukumwa. Wahenga walilisema kwa ukali zaidi: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kila ninayemfuatilia mtandaoni anaamka saa kumi alfajiri. Ni lazima?

Hapana. Na hapa nina donda langu mwenyewe.

Niliwahi kufuata utaratibu huo kwa miezi minne. Kengele ililia saa kumi kasoro dakika kumi, nikakanyaga sakafu ya baridi, nikakaa mezani na daftari jipya nikiwa sina hata neno moja la kuandika. Ikifika saa nane mchana nasinzia kwenye kikao huku nimeshika kalamu ili nionekane naandika. Jioni nilikuwa sisemeki. Siku moja nikamfokea mwanangu kwa kosa la kuimba bafuni. Usiku huo nilizima kengele na sijairudisha.

Mwili una saa yake. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017 kwa kufichua jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo ndani ya seli. Na saa za watu hazilingani. Dodoso la Horne na Östberg la kumpima mtu kama ni wa asubuhi au wa jioni lilitoka mwaka 1976 na bado linatumika. Wengi wetu huangukia katikati, wachache kwenye ncha hizi mbili. Umri nao una sauti yake: vijana wanaobalehe husogea kuelekea usiku, wazee hurudi kuelekea asubuhi. Mtu wa jioni anayeamka saa kumi bila kulala mapema anajinyima usingizi na kujipongeza kwa kujinyima.

Jambo lenye faida zaidi ni kuamka wakati uleule kila siku, wowote unaouweza, hata siku za mapumziko, kisha utoke nje upate mwanga wa asubuhi mapema. Mwanga ndio unaoirekebisha saa ya mwili kuliko kitu kingine chochote. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Anza kuhesabu kutoka saa ya kuamka, rudi nyuma, na hapo ndipo ulipo wakati wako wa kulala. Ukiona hesabu haikai, kinachopaswa kusogea ni kengele.

Hatua elfu kumi kwa siku ni sharti la kitaalamu?

Ni jina la kifaa. Mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, huko Japani kiliuzwa kipima-hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ilikuwa nzuri, ikashika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake 16,741 wenye wastani wa umri wa miaka 72: waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na hatari iliendelea kushuka hadi kama hatua 7,500, kisha ikatulia. Ni utafiti wa kuangalia, haukumlazimisha mtu kutembea, kwa hiyo usiusome kama amri. Lakini unatosha kumtoa hofu mtu anayelala na hatia kwa kuishia hatua elfu sita.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 hautaji hatua kabisa. Unasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo wa nguvu, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuongea ukiufanya lakini huwezi kuimba. Kipande kizuri zaidi katika mwongozo huo ni hiki: sharti la zamani la kufanya angalau dakika kumi mfululizo limeondolewa. Dakika tatu za ngazi zinahesabika. Kucheza muziki jikoni kunahesabika. Kukimbizana na mtoto kunahesabika, tena sana.

Nikifumba macho kutafakari, wasiwasi unazidi. Nina kasoro?

Huna. Meditesheni imepata sifa nyingi tangu Jon Kabat-Zinn aanzishe programu yake huko Massachusetts mwaka 1979, mwanzoni kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, na ni kweli wengi imewasaidia. Ila kuna watu ambao ukimya na macho yaliyofumbwa huwafungulia mlango wa mambo waliyokuwa wameyazuia kwa shida. Waliopitia mambo mazito, ajali au ukatili, wamo sana katika kundi hili. Kuendelea kwa kujikaza si ushujaa.

Jaribu kufumbua macho. Jaribu kutembea polepole ukisikiliza nyayo zako. Jaribu kuosha vyombo ukiyasikiliza maji tu. Kama unataka kitu cha pumzi, kirefushe kile unachotoa: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, dakika mbili tatu. Moyo hupunguza mwendo kidogo kila unapotoa pumzi. Weka kidole kwenye mshipa wa mkono utausikia. Hapa huhitaji imani wala utulivu wa rohoni. Ni mwili tu unafanya kazi yake. Ukipata kizunguzungu, acha.

Na kama bado hutaki, acha pia. Hakuna aliyeandikiwa kutafakari.

Niandike shajara kila siku?

Inategemea unaandika nini. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Kwa waliochimba kiini cha jambo, mara tu baada ya kuandika hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya wenzao walioandika mambo ya kawaida. Miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Mambo mawili ya kushika hapo: walikuwa na mwisho, siku nne, hawakuhukumiwa kuandika milele, na kuumia mwanzoni hakukuwa dalili ya kushindwa. Hata hivyo, jeraha likiwa bichi usiliandike peke yako usiku wa manane. Subiri, au liandike ukiwa na mtu wa kumpigia.

Shajara ya shukrani ina kisa chake. Lyubomirsky na wenzake walipojaribu, walioorodhesha neema zao mara moja kwa wiki ndio walioonekana kunufaika, si wale wa mara tatu. Sishangai. Ukishukuru kila usiku kwa ratiba, wiki ya tatu unaandika "afya, familia, kazi" kama anayejaza fomu.

Sina muda. Namaanisha sina kabisa.

Nakuamini. Swali hili huwa linatoka kwa mama mwenye mtoto mchanga, kwa anayemuuguza mzazi, kwa mwenye kazi mbili. Kwao huwa nawajibu kwa sehemu mbili, na ya kwanza si tamu.

Kuna uchovu ambao hakuna zoezi linaloutibu, kwa sababu umetokana na mzigo. Mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili usiku hahitaji kufundishwa kupumua. Anahitaji mtu mwingine ashike zamu ya usiku wa Ijumaa. Nimechoka na mafunzo ya kazini yanayowapa watu mkeka wa mazoezi huku idadi ya kazi ikibaki ileile. Kwa hiyo kabla ya kutafuta zoezi, kaa na karatasi uandike ni kipi kinaweza kuondoka, kipi kinaweza kugawanywa, na nani hujawahi kumwomba kwa sababu unaona aibu. Kuomba msaada kwa maneno mahususi ndiko kunakozaa matunda. "Naomba uje Ijumaa saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi" hupata jibu. "Nimechoka" hupata pole.

Sehemu ya pili ni kukipachika kitu kidogo juu ya kitu unachofanya tayari. Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna ya "ikitokea hivi, nitafanya vile", na jinsi inavyowasaidia watu kutimiza nia zao kuliko nia tupu. Maana yake kwa mtu asiye na muda ni hii: usiseme "nitanyoosha mwili kila siku". Sema "nikishaweka maji jikoni, nitasimama nikizungusha mabega mpaka maji yachemke". Huongezi dakika hata moja katika siku yako.

Mama mmoja alichagua mlango wa gari. Kila akifika nyumbani, kabla ya kuufungua, anakaa ameshika usukani, injini imezimwa, anahesabu pumzi kumi. Watoto walishajua. Humsubiri dirishani wakimhesabia kwa vidole.

Ni kweli tabia hujengeka kwa siku 21?

Chanzo cha siku 21 ni maandishi ya mwaka 1960 ya daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliyeona wagonjwa wake wanahitaji angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Neno "angalau" likadondoka njiani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, wakachapisha matokeo yaliyozoeleka kutajwa kama ya mwaka 2010: kwa kipimo cha kati ilichukua siku 66 kitendo kufanyika bila kujikumbusha, lakini makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Kunywa glasi ya maji huzoeleka haraka kuliko kupiga mazoezi ya tumbo. Na kuruka siku moja hakukuharibu safari.

Basi ukifika siku ya 22 na bado unajivuta, huna udhaifu wowote.

Nafanya zamu za usiku. Ratiba zenu zote ni za watu wa mchana.

Ni kweli, na samahani. Tupa saa ya ukutani, tumia kuamka kwako kama asubuhi, hata kama ni saa kumi jioni. Chochote unachofanya, kipange kwa kuhesabu kutoka hapo: saa ya kwanza baada ya kuamka, nusu ya zamu, saa ya mwisho kabla ya kulala. Pata mwanga mkali mwanzo wa zamu, upunguze kuelekea mwisho. Ukirudi jua limeshatoka, miwani myeusi njiani husaidia. Lakini kama unaendesha na usingizi unakuvuta, paki ulale kwanza. Chumba kiwe giza kweli, hata kwa kanga nene dirishani. Kafeini iache mapema, maana nusu yake hubaki mwilini kwa saa kama 5, na kwa wengine zaidi.

Usijilinganishe na wa mchana. Linganisha wiki yako na wiki yako.

Usiku nalala nikiangalia dari mpaka alfajiri. Nifanye zoezi gani?

Amka. Tangu Richard Bootzin alipouandika utaratibu wake mwaka 1972, ushauri huu umebaki katika tiba ya kukosa usingizi: kitanda ni cha kulala, na kama usingizi haujaja kwa karibu dakika 20, ondoka. Usitazame saa, kadiria. Nenda chumba kingine, taa hafifu, ufanye jambo la kuchosha kidogo, urudi macho yakianza kulegea. Ukikaa kitandani ukipigana, kitanda chenyewe kinageuka kuwa uwanja wa mapambano na mwili unakikumbuka hivyo. Siku za kwanza utachoka zaidi. Kama hali imezidi miezi mitatu, mwone mtaalamu; tiba ya kubadili fikra na mienendo kuhusu usingizi ipo na inafanya kazi.

Mimi ni mkimya. Lazima nitafute watu?

Unawahitaji wachache, wa kweli. Uchambuzi wa mwaka 2010 wa Julianne Holt-Lunstad na wenzake ulijumlisha tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 300,000, ukaona wenye uhusiano imara na watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa asilimia 50, katika kipindi walichofuatiliwa. Uhusiano imara haupimwi kwa sherehe. Kwa mkimya unaweza kuwa kutembea na rafiki mmoja kila Jumamosi bila kusema mengi, au kukaa na mtu mnafanya kazi za mikono kila mmoja yake.

Mume wangu ananicheka.

Mwache acheke. Usimweleze, usimshawishi, fanya tu. Wengi wa waliocheka niliowafahamu walikuja kuuliza wenyewe baada ya miezi, kwa sauti ya chini.

Je, saa za kupima usingizi na programu za simu zinasaidia?

Kwa wengine, mwanzoni, zinasaidia kuona mwenendo. Lakini mwaka 2017 watafiti walieleza kuhusu watu waliokuja kutafuta tiba kwa sababu saa imewaambia wamelala vibaya, na hofu ya takwimu ikawaharibia usingizi zaidi. Kama asubuhi huwezi kusema umeamkaje mpaka uitazame saa, ivue kwa wiki mbili.

Nimeacha tena. Mara ya ngapi hii, sijui.

Uliza kwanza: nimeacha au limeisha? Kuna mambo yanayofaa msimu mmoja wa maisha. Uliyekuwa ukiogelea kila asubuhi kabla ya kupata mtoto hujashindwa kuogelea. Asubuhi zimebadilika mmiliki. Lizike kwa heshima utafute jingine.

Kama kweli umeacha, angalia ulikuwa na mangapi kwa pamoja. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, na Januari ndiyo shahidi. Nimeona orodha ya mtu yenye mambo kumi na moja mapya kuanzia Jumatatu. Bakiza moja. Lipunguze mpaka lionekane la kitoto: ukurasa mmoja, sio sura nzima, kuvaa viatu na kufika getini, sio kukimbia. Ukifika getini ukataka kuendelea, nani atakuzuia?

Kama limekataa hata likiwa dogo hivyo, halikuwa lako. Rudi kwenye daftari.

Lini niache kujitibu na kwenda kwa mtaalamu?

Ukikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, una huzuni au utupu, au huoni ladha ya mambo uliyoyapenda, tena usingizi, hamu ya kula au uwezo wa kufanya kazi umevurugika, nenda. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa wenye tiba. Nenda pia kama unahitaji pombe au dawa ili ulale au uweze kukutana na watu. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kutamani usiwepo, usisubiri wiki mbili: mwambie mtu leo, usikae peke yako, nenda kituo cha afya kilicho karibu au piga namba ya dharura ya mahali ulipo. Na kama una dawa ulizoandikiwa, usiziache kwa sababu kutembea kumekupa nafuu. Zungumza na aliyekuandikia.

Mazoezi ya kujitunza yanaweza kuendelea pembeni ya tiba. Hayashiki nafasi yake.

Nitajuaje kwamba linafanya kazi?

Hisia za siku moja zitakudanganya, za kheri na za shari. Lipe jambo moja wiki sita, kisha rudia zile siku saba za daftari kwa namna ileile, bila kuchungulia la kwanza. Zikiisha, yaweke mawili ubavuni. Tafuta mambo matatu: alama za kutoa zimehama au zimepungua? Saa zako mbaya zaidi bado ni zilezile? Na je, jambo lenyewe ulilolifanya limepata jumlisha, au ulikuwa unaliandikia sifuri siku zote?

Yule mhasibu alirudia la kwake baada ya wiki sita. Saa nne usiku bado ilikuwa na alama za kutoa, nne badala ya saba. Pasi ilikuwa imepata sifuri mbili. "Imeshakuwa kazi tena," alisema. Alikuwa amebeba begi dogo, akafungua, akatoa uzi na sindano mbili za kufumia, akauliza kama kuna mtu kwenye kikundi anayejua kuanzisha mshono wa kwanza.